Takwimu za unene wa wanawake wa Asia: jinsi ya kuzisoma bila kuingizwa mjini

Kuna sentensi moja utakutana nayo kila ukigusa habari za lishe Asia: wanawake wa mjini ni wanene kuliko wa kijijini. Watu wanaikopi, wanaibandika kwenye slaidi, na kila mtu anaitikia maana inaingia akilini kirahisi tu, mjini kuna lifti na vya kukaanga, kijijini kuna jembe na kuni. Sio uongo. Ila ni nusu ya habari, na ile nusu iliyobaki ndo yenye kazi. Kwahiyo kama wewe ni mwanafunzi wa lishe, nesi, mwandishi, au umetupiwa tu ripoti uwaeleze wenzako inasemaje, ngoja nikuoneshe mimi huwa naisoma vipi. Weka kalkuleta ya simu karibu, hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya, hakuna cha kutisha.

Mnene anaanzia wapi?

Kabla hujaangalia asilimia yoyote shuka kwenye yale maandishi madogo chini ya jedwali, tafuta wamekata mstari kwenye BMI ngapi. BMI ni kilo ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tumchukue mama mmoja wa sentimita 152 na kilo 58. 1.52 mara 1.52 ni 2.31, 58 gawanya kwa 2.31 unapata 25.1. Haya, huyu mama ni mnene au sio mnene?

Kwa mstari wa WHO ana uzito uliozidi, maana unaanzia 25, unene wenyewe mpaka afike 30. China wao uzito uliozidi unaanzia 24 na unene 28, kwahiyo kule nako amezidi uzito tu. Akipanda ndege kwenda Japani au Korea Kusini anashuka akiwa mnene tayari, sababu kule unene unaanzia hiyo 25, na madaktari wengi wa India pia wanatumia 25 kwa unene na 23 kwa uzito uliozidi. Mama yule yule, mizani ile ile, na kwenye ndege hajala hata karanga.

Na sio kwamba hizo nchi zinapenda kujichanganya. Miili ya watu wengi wa Asia inaweka mafuta mengi kwa BMI ndogo, na mafuta yenyewe yanapenda kukaa tumboni. Kuna mfano mmoja naupenda sana, mwaka 2004 madaktari wawili, Yajnik wa Pune, India, na Yudkin wa London, walijitoa wenyewe kama mfano kwenye jarida la Lancet, wote wawili BMI yao 22.3 sawasawa kabisa, lakini mafuta mwilini Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik 21.2. Ni wanaume, najua, ila somo ni lile lile kwa wanawake. Mwaka huo huo wataalamu wa WHO wakapendekeza kwa watu wa Asia ziongezwe alama za 23 na 27.5 za kuanza kuchukua hatua, bila kuifuta ile 25 na 30 ya dunia nzima. Ndo maana mpaka leo kila mtafiti anachagua lake.

Sasa hii inakuhusu nini wewe unayelinganisha mji na kijiji? Inakuhusu kwa sababu mstari ukishuka kutoka 25 kwenda 23 wanaingia kwenye hesabu wanawake wote waliokuwa wamekaa pale katikati, na vijijini wapo wengi sana wa hapo. Ripoti mbili za nchi moja, mwaka mmoja, zinaweza kukupa pengo tofauti la mji na kijiji na hakuna iliyodanganya. Ukiona hivo usianze kubishana, angalia mstari kwanza.

Mjini ni wapi hasa?

Hapa ndo watu wengi wanaanguka, na mimi nimo. Niliwahi kuchora grafu ya Nepal, sevei ya zamani na sevei mpya, mstari wa mjini na mstari wa kijijini, grafu ikatoka nzuri kweli, nikaanza na kuandika maelezo kwamba mji umefanya hivi na kijiji kimefanya vile. Siku mbili baadaye ndo nagundua kilichohama sio watu, ni mpaka. Sensa ya Nepal ya 2011 ilihesabu watu wa mjini asilimia 17 hivi, halafu nchi ikapangwa upya, vijiji vikaunganishwa na kutangazwa manispaa, na sensa ya 2021 ikasema asilimia 66 wanaishi ndani ya manispaa. Yani bibi kalala mwanakijiji, kaamka mtu wa mjini, na ng'ombe wake bado kafungwa pale pale. Grafu nikaifuta.

India nako wana kanuni yao ya sensa. Ukiacha miji iliyotangazwa kisheria, sehemu inaitwa mji kama ina watu 5,000 au zaidi, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau asilimia 75 ya wanaume wenye kazi kuu hawafanyi kilimo. Umeona hapo? Wanaume. Mwanamke anaweza kushinda shambani kutwa nzima akahesabiwa wa mjini kwa sababu mume wake na majirani zake wanafanya kazi kiwandani. Kwahiyo ukitaka kusema kitu kuhusu kazi ya mikono ya wanawake usitegemee hilo neno mjini likufanyie kazi hiyo, halikutengenezwa kwa ajili yao.

Unachotakiwa kufanya ni rahisi: tafuta kwenye ripoti tafsiri ya mji, iandike pembeni ya namba zako, na kama unalinganisha miaka miwili hakikisha tafsiri haikubadilika katikati. Ikiwa imebadilika, acha kulinganisha. Tumia jumla ya nchi.

Usiishie kwenye asilimia, hesabu vichwa

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na sielewi kwanini watu wengi wanairuka. Tuichukue India kwa sababu namba zao ziko wazi. Sevei yao kubwa ya afya ya familia, NFHS, ile ya tano ya 2019-21, inasema wanawake wenye BMI ya 25 na kuendelea ni asilimia 33.2 mjini na 19.7 kijijini, nchi nzima 24.0. Mtu akisoma hapo anafunga kitabu: mji umeshinda.

Usifunge. Jiulize, kati ya wanawake 100 waliopimwa wangapi ni wa kijijini? Hata kama ripoti haijakuwekea mbele ya macho unaweza kuikamua kwenye hizo hizo namba tatu. 33.2 toa 24.0 inabaki 9.2. 33.2 toa 19.7 inabaki 13.5. 9.2 gawanya kwa 13.5 ni 0.68, maana yake 68 kati ya 100 ni wa vijijini na 32 ndo wa mjini. Sasa zidisha: wa kijijini 68, asilimia 19.7 yao ni wanawake 13.4. Wa mjini 32, asilimia 33.2 yao ni 10.6. Kumbe kati ya wale 24 waliozidi uzito, zaidi ya nusu wako kijijini!

Rudi nyuma kwenye NFHS ya nne, 2015-16. Mjini 31.3, kijijini 15.0, jumla 20.6. Fanya mchezo ule ule, wa kijijini wanakuja 66 kati ya 100, waliozidi uzito kwao ni 10 hivi, na wa mjini karibu 11. Kwahiyo kwenye sevei ya nne mji bado ulikuwa mbele kidogo kwa idadi ya vichwa, na kwenye ya tano kijiji kimeshapita. Hicho ni kitu kikubwa kimetokea ndani ya miaka michache na hutakiona kabisa ukiangalia asilimia peke yake, utaona tu mjini ni juu, kijijini ni chini, kama zamani.

Halafu ukiwa hapo hapo pima pengo kwa njia mbili. Kwa kutoa: lilikuwa pointi 16.3, likawa 13.5. Kwa kugawanya: mji ulikuwa mara 2.1 ya kijiji, ukawa mara 1.7. Zote zinaonesha pengo linafungwa, na linafungwa kwa njia mbaya, sio mji unapungua, ni kijiji kinapanda. Kijijini wameongezeka pointi 4.7, mjini 1.9.

Na sio India tu. Mwaka 2019 mtandao wa watafiti unaoitwa NCD-RisC ulichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya watu wazima zaidi ya milioni 112 wa dunia nzima, kuanzia 1985 mpaka 2017, wakakuta zaidi ya nusu ya ongezeko la BMI duniani limetoka vijijini. Wanawake wa vijijini waliongezeka BMI 2.1 kwa wastani, wa mjini 1.3. Hiyo 2.1 inaonekana ndogo, basi irudishe kwenye kilo: kwa yule mama yetu wa sentimita 152 ni karibu kilo 5, na ile ya mjini ni kilo 3. Kila ukikutana na BMI ya wastani ifanyie hivo, namba inapata mwili.

Nani alipanda kwenye mizani?

NFHS inapima wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Wajawazito na waliojifungua karibuni hawaingizwi kwenye hesabu ya BMI, na hiyo ni sawa kabisa. Ila mama wa miaka 55 hayupo, na huo ni umri ambao wengi uzito umeshakaa. Bangladesh kwa miaka mingi sevei yao ilihesabu wanawake walioolewa au waliowahi kuolewa, binti wa chuo ambaye hajaolewa hayumo. Ukienda Korea au Japani sevei zao zinachukua mpaka wazee, na vijiji vyao vijana wameshaondoka, wamebaki mabibi. Kwahiyo mtu akikuwekea kijiji cha Korea pembeni ya kijiji cha Bihar, jimbo la India, anakulinganishia bibi na mjukuu.

Dawa yake ni kushuka kwenye jedwali la umri. Linganisha wa miaka 20 hadi 29 wa mjini na wenzao wa kijijini, kisha 30 hadi 39, hivo hivo. Pengo likibaki kwenye kila rika basi lipo kweli.

Jambo lingine dogo hapo hapo: wastani wa nchi unaficha mengi. Kwenye hiyo NFHS ya tano Kerala nzima, mji na kijiji pamoja, ni asilimia 38.1, yani imeupita hata wastani wa miji yote ya India. Bihar nzima ni 15.9, chini ya wastani wa vijiji vyote vya India. Sasa hapo mji ni upi na kijiji ni kipi? Ukiwa na namba za majimbo zitumie, usikae juu hewani na neno India.

Futi ya fundi cherehani inasema mengine

BMI haijui mafuta yako wapi. Kwa Asia hilo ni tatizo kubwa maana tumbo ndo linaloleta kisukari na presha hata kwa mtu anayeonekana mwembamba. NFHS ya tano ilipima kiuno na nyonga, ukigawanya kiuno kwa nyonga ukapata 0.85 au zaidi kwa mwanamke inahesabiwa ni hatari. Matokeo: mjini asilimia 59.9, kijijini 55.2.

Irudie kuisoma hiyo. Kwa BMI pengo ni pointi 13.5, kwa futi ni pointi 4.7 tu. Wanawake walewale, wamepimwa na walewale, na habari ya mjini na kijijini karibu imeyeyuka. Mimi nikiona ripoti ya Asia Kusini haina kiuno kabisa naisoma kwa jicho moja.

Na usisahau upande wa pili wa mizani. Vijijini India asilimia 21.2 ya wanawake ni wembamba kupita kiasi, BMI chini ya 18.5, na 19.7 wamezidi uzito. Karibu sawa kwa sawa, pengine kwenye mtaa mmoja, pengine nyumba moja mama mkwe na mke wa mwanae. Mjini wembamba ni 13.2. Kwahiyo bango la "punguza kula" unaloweza kulibandika mjini bila shida, kijijini unambandikia nani? Mmoja kati ya kila watano watakaolisoma ndo anahitaji kula zaidi.

Anuani sio sababu

Ukifika kwenye "kwanini" kuwa makini usiandike kwamba mji unanenepesha, kama vile ni hewa. Tafuta kama watafiti walitenganisha utajiri wa kaya, elimu na kazi. Asia Kusini mara nyingi ukishawalinganisha matajiri na matajiri, maskini na maskini, pengo la mji na kijiji linapungua sana, maana kilichokuwa kinaongea ni pesa. Kwenye nchi tajiri mambo yanageuka kabisa, wanawake wa vijijini ndo wazito zaidi na wenye elimu ya juu ndo wepesi. China imegeuka mbele ya macho yetu, kwa wanaume mjini bado ni juu, kwa wanawake kijiji kimeshaupita mji. Kwahiyo swali zuri la kumuuliza mtu anayekuletea sentensi ile ya mwanzo ni: nchi gani, mwaka gani?

Kazi nayo iangalie kwa karibu, sio kwa kusema tu "maisha ya kisasa". Bangladesh wanawake walikuwa wanakoboa mpunga kwa dheki, gogo zito la kukanyaga kwa mguu, mmoja anakanyaga mwingine anageuza mpunga kwa mkono, masaa, kabla hata ya kupika. Zikaja mashine za kukoboa, kazi ile ikaisha, na mchele ukatoka mweupe zaidi juu yake. Maji yakatoka kwenye kisima cha pampu ya mkono yakaja pampu ya umeme. India mpango wa Ujjwala wa kuanzia 2016 ukapeleka gesi kwenye mamilioni ya nyumba maskini, kuni zikapungua. Pikipiki ikachukua safari ya sokoni. Mafuta ya mawese kutoka nje yakashuka bei mpaka dukani kijijini. Na mwanamke wa kijijini akiachiwa hayo masaa hana pa kuyapeleka kimazoezi, maana kwenye vijiji vingi mwanamke kutembea barabarani bila sababu ni kesi, achilia mbali kukimbia. Wa mjini angalau ana bustani ya asubuhi anatembea na shoga zake.

Tafadhali usiandike kana kwamba warudi kwenye dheki na moshi. Huwa naona hiyo kwenye ripoti za watu ambao hawajawahi kupuliza moto wa kuni, inanikera.

Ukienda kupima mwenyewe

Nitasema machache. Vua viatu, na nywele zifunguliwe au kifundo kishushwe shingoni, maana kifundo cha nywele juu ya kichwa kinaongeza sentimita mbili tatu na BMI inashuka ya uongo. Bangili nzito na shali pembeni. Sari ya kawaida iache lakini iandike, usimvue mtu nguo kwa ajili ya gramu mia kadhaa. Kiuno pima katikati ya mbavu ya mwisho chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi kawaida, sio anavyobana tumbo, na sio pale inapofungwa kamba ya salwar, ile suruali pana, hapo huwa chini mno. Pima mara mbili. Apime mwanamke, ndani, mlango umefungwa, mama mkwe asubiri nje maana akiwepo umri na mimba vyote vitajibiwa na yeye.

Mjini na kijijini tumia mizani ile ile. Nasema tu.

Mwisho kabisa unaandika sentensi yako, na iandike na vitu vyake vyote. Mfano: "Kwenye NFHS ya 2019-21, asilimia 33.2 ya wanawake wa mjini India wenye miaka 15 hadi 49, na asilimia 19.7 ya wa kijijini, walikuwa na BMI ya 25 au zaidi, ingawa kwa idadi wengi wao wako vijijini." Ndefu, ndiyo. Mhariri akikwambia uikate kata utakachotaka, ila mwaka, umri na ile 25 mkatalie.